Kitufe Kisicho na Jina

Najua nimeadimika. Karibu miezi miwili sijaandika kitu hapa, na wachache wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha. Sijaacha. Kwanza kulikuwa na kazi, kisha kukaja kisa kimoja kilichonifanya nikeshe nikisoma historia, mimi ambaye shuleni somo hilo nilikuwa nalisinzia.

Kisa chenyewe ni hiki. Kampuni ninayoifanyia kazi ilipewa zabuni ya kuunda tovuti ya chama kimoja cha akiba na mikopo, ili wanachama waombe mikopo bila kuja Nairobi kupanga foleni. Fomu ya maombi niliiandika mimi, na nilijivunia umaridadi wake. Vitufe havikuwa na maneno, vilikuwa na vijipicha tu: ndege ya karatasi kwa kutuma, pipa kwa kufuta, mshale kwa kurudi nyuma. Bosi alipenda, mteja alipenda, tukalipwa.

Ijumaa moja nikapigiwa simu na mwanachama, mwalimu mstaafu, mama mtu mzima ambaye haoni. Nilitarajia kufokewa. Badala yake akasema, "Mwanangu, hebu sikiliza ukurasa wako," akaisogeza simu karibu na spika za kipakatalishi chake. Nikasikia ile sauti ya roboti ikisoma: kitufe. Kitufe. Kitufe. Basi. "Haya niambie," akasema, "kipi hapo kinatuma na kipi kinafuta?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba mwishowe alimwita kijana wa jirani amjazie fomu. Ilibidi amtajie nambari ya kitambulisho, kiasi cha pensheni, kiasi cha mkopo anaoomba na neno lake la siri. "Sasa mtaa mzima unajua nadaiwa ngapi," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Kabla ya kukata simu akaongeza jambo ambalo limenikaa kichwani hadi leo: "Mwaka 1991 nilikuwa masomoni Uingereza, nilikuwa na kompyuta ya DOS, ikinisomea kila kitu. Kila kitu! Ninyi mmeendelea mpaka mimi nimerudi kusomewa na watoto wa jirani."

Vile vitufe nilivipa majina jioni ileile. Ilinichukua dakika ishirini hivi, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba zilikuwa dakika ishirini tu. Lakini maneno yake kuhusu DOS nilidhani ni chumvi ya wazee. Wengi wetu tuliozaliwa DOS ikielekea kaburini tunaijua kama kile kisanduku cheusi tu. Iweje kipofu wa mwaka 1991 awe na hali nzuri kuliko kipofu wa zama za simu janja? Nikaenda kuchimba. Hakutia chumvi.

Tuanze na tarakilishi ya IBM ya mwaka 1981. Skrini yake katika hali ya maandishi ilikuwa na mistari 25, kila mstari nafasi 80. Zidisha upate nafasi 2000. Kila nafasi ilichukua baiti mbili kwenye kumbukumbu, moja ya herufi yenyewe na ya pili ya rangi yake. Maana yake ni kwamba chochote kilichokuwa mbele ya macho yako kilikuwa pia kimelala mahali pamoja kwenye kumbukumbu, baiti 4000, herufi baada ya herufi kama abiria waliokaa kwa nambari za tiketi. Unataka kujua mstari wa kumi unasema nini? Ruka nafasi 720, soma 80 zinazofuata. Macho hayahitajiki. Isitoshe, kila kazi ilifanywa kwa kibodi. Kipanya kilikuwa cha wachache.

Sauti yenyewe mara nyingi ilitoka kwenye kifaa cha pembeni au kadi ya ziada iliyopachikwa ndani. Kimoja kilichovuma ni DECtalk, kilichouzwa na Digital Equipment Corporation tangu katikati ya miaka ya 1980, kikitokana na utafiti wa Dennis Klatt wa chuo cha MIT. (Ile sauti ya Stephen Hawking tunayoijua sote chimbuko lake ni kazi ya Klatt huyohuyo.) Ilisikika kama bati linalokwaruzwa, lakini vipofu hawakuwa wakitafuta uimbaji. Walitaka kasi.

Ndani ya IBM kulikuwa na mwanahisabati aitwaye Jim Thatcher. Yeye na Jesse Wright, aliyekuwa mwalimu wake chuo kikuu na ambaye alikuwa kipofu, walitengeneza programu ya kuisoma skrini ya DOS kwa sauti katikati ya miaka hiyo ya 1980. IBM ikaiita Screen Reader, kisoma skrini, na leo programu zote za aina hiyo zinaitwa kwa jina hilo la kawaida kabisa.

Mwingine ni Ted Henter, na huyu maisha yake yangetosha filamu. Alikuwa mwendesha pikipiki wa mashindano. Mwaka 1978 akapata ajali ya gari akapoteza macho. Akajifunza kuandika programu, na mwaka 1987, pamoja na Bill Joyce, akaanzisha kampuni ya Henter-Joyce kule Florida. Mwaka 1989 wakatoa JAWS ya DOS. Herufi nne hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuifikia kazi kwa njia ya sauti. Angalia vizuri, msomaji: neno la kwanza pale ni kazi. Watu hawa hawakuwa wakitafuta kuhurumiwa. Walikuwa wakitafuta mshahara.

Na waliupata. Karani kipofu mwenye WordPerfect au Lotus 1-2-3 chini ya DOS alikuwa akisoma maandishi yaleyale aliyosoma jirani yake anayeona, kwa wakati uleule. Mwalimu wangu wa simu alikuwa anakumbuka sawasawa.

Kisha sisi tukaja na picha.

Mwaka 1984 Apple ilitoa Macintosh, na mwaka 1990 Microsoft ikatoa Windows 3.0 iliyoenea maofisini. Kwa wengi ilikuwa ahueni, hakuna tena kukariri amri. Lakini tazama kilichotokea kwenye kumbukumbu. Palipokuwa na herufi A sasa pana vitone vilivyopangwa vikafanana na A. Picha ya herufi si herufi, kama vile picha ya ugali haishibishi. Programu ya kusoma ikienda pale mahali pake pa zamani inakuta bahari ya vitone isiyo na neno hata moja. Na chombo cha kuitembelea bahari hiyo ni kipanya, yaani onyesha kwa jicho, bonyeza kwa kidole.

Wa kwanza kupenya alikuwa Berkeley Systems, waliotoa outSPOKEN ya Macintosh mwaka 1989. (Ndio haohao wa kile kihifadhi skrini cha vibaniko vya mkate vinavyoruka na mabawa. Dunia hii!) Ujanja wake ni wa kupendeza. Kabla vitone havijachorwa, programu lazima iutumie mfumo endeshi amri: andika neno fulani mahali fulani. Basi kisoma skrini kinajibanza katikati kama mtu asikilizaye mlangoni, kinaidaka amri kabla haijawa picha, kisha kinajiwekea daftari lake la siri la kila neno na mahali lilipo. Ni kazi ngumu sana. Dirisha likihamishwa, daftari libadilishwe. Programu ikichora maandishi kwa njia yake yenyewe bila kupitia mlango huo, kisoma skrini kinabaki bubu.

JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995 tu. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kati ya Windows 3.0 na hapo. Ndani ya miaka hiyo ofisi za Marekani zilikuwa zikihama kutoka DOS moja baada ya nyingine, na mfanyakazi kipofu aliyekuwa hodari Ijumaa alikuwa anakuta Jumatatu kwamba hawezi hata kufungua barua. Macho yake yalikuwa vilevile. Kilichobadilika ni programu.

Kilichoipa Microsoft msukumo ni pesa. Tume ya Vipofu ya jimbo la Massachusetts ilitishia kwamba serikali ya jimbo haitainunua Windows 95 ikiwa wafanyakazi vipofu hawataweza kuitumia. Mteja mkubwa akizungumza namna hiyo hata mimi huwa nasikia. Mwaka 1997 Microsoft ilitoa njia rasmi ya programu kujitambulisha kwa kisoma skrini bila kujibanza mlangoni. Kila kitu kwenye dirisha kinatakiwa kijibu maswali ya msingi: wewe ni nini, jina lako nani, uko katika hali gani. Mimi ni kitufe, naitwa Hifadhi, sasa hivi nimezimwa. Vitufe vyangu vya ndege na pipa vilijibu swali la kwanza vikanyamazia la pili.

Sasa mtandao. Ukurasa wa wavuti ulizaliwa maandishi matupu, kwa hiyo kwa kipofu ulikuwa kama DOS imefufuka. Februari 1993 Marc Andreessen akapendekeza lebo ya kuweka picha ndani ya ukurasa, na mfano wake ulitaja anwani ya picha tu, hakuna mahali pa kusema picha inaonyesha nini. HTML 2.0 ya mwaka 1995 ikawa na sifa ya alt kwa ajili ya maelezo hayo, na HTML 4.0 ya Desemba 1997 ikaifanya ya lazima. Lazima ya karatasini, maana kivinjari hakikatai ukurasa usio nayo, na kisichokataliwa na kivinjari sisi watunzi wa programu huwa hatukioni kabisa. Mwaka huohuo wa 1997 shirika la viwango vya wavuti, W3C, likaanzisha kitengo cha kushughulikia watu wenye ulemavu, na Mei 1999 kitengo hicho kikatoa mwongozo wa kwanza, WCAG 1.0.

Mwezi mmoja tu baadaye, Juni 1999, mtu mmoja wa Australia akaonyesha mwongozo huo una kazi gani. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kesi hii ingefaa ifundishwe kila chuo kinachotoa digrii ya kompyuta. Mimi nilimaliza miaka minne bila kuisikia.

Bruce Maguire alizaliwa kipofu. Tarakilishi yake alikuwa akiisoma kwa kifaa kinachoinua nukta nundu chini ya vidole. Michezo ya Olimpiki ilikuwa inakuja Sydney mwaka 2000, na yeye kama raia mwingine yeyote alitaka kujua nani anacheza lini na nani ameshinda. Tovuti ya kamati ya maandalizi ikamshinda. Akapeleka malalamiko kwenye tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo chini ya sheria yao ya mwaka 1992 inayokataza ubaguzi wa watu wenye ulemavu. Madai yake hayakuwa makubwa: picha ziwe na maelezo ya maneno, iwezekane kutoka kwenye ukurasa wa ratiba kwenda kwenye orodha ya michezo, na majedwali ya matokeo yasomeke.

Kamati ikajibu kwamba haiwezekani. Ilisema kuna violezo 1295 vya majedwali, kila kimoja kinataka saa mbili, kwa hiyo mtu mmoja akifanya kazi saa nane kwa siku atachukua takriban mwaka mzima, na mitambo ya ziada itagharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Nilipoisoma hesabu hii nilicheka kwa uchungu, kwa sababu naijua. Nimeiandika mwenyewe. Ndiyo hesabu tunayompa mteja anapoomba kitu ambacho hatutaki kukifanya: tunakitazama kwa upande wake mgumu kabisa, tunamweka mtu mmoja kwenye kazi ya kikosi, tunazidisha. Wataalamu waliotoa ushahidi upande wa Maguire walisema violezo ni vichache kuliko hivyo, kila kimoja kinahitaji muda mdogo mno kuliko saa mbili, na gharama ni sehemu ndogo ya ile iliyotajwa. Mwingine angeuliza kwa nini mambo haya hayakufanywa tangu mwanzo, wakati hayagharimu karibu chochote.

Tarehe 24 Agosti 2000 tume ikaamua kwamba Maguire amebaguliwa, na ikataka marekebisho yawe tayari ifikapo tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi wa michezo. Kamati haikutimiza yote. Michezo ikaanza, ikaisha, medali zikatolewa, na mwezi Novemba ikaamriwa imlipe Maguire dola 20,000. Pesa si nyingi, lakini yale majedwali hakuyasoma wakati yakiwa na maana. Matokeo ya mbio yana ladha siku ileile.

Nimesema habari za sheria. Tatizo jingine lilikuwa bei. JAWS ilikuwa ikiuzwa kati ya dola 900 na 1100, ambazo kwa Mkenya wa mwaka 2006 ni zaidi ya shilingi elfu sitini, mara nyingi ghali kuliko tarakilishi yenyewe ya mtumba. Mwaka huohuo wa 2006, huko huko Australia, Michael Curran akaanza kuandika kisoma skrini cha bure chenye msimbo ulio wazi, NVDA. Akajiunga naye James Teh. Wote wawili hawaoni, na walifahamiana tangu utotoni kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Hebu fikiria: unaandika programu ya kukusomea skrini, ikiharibika haikusomei, na inabidi uirekebishe. Mwaka 2009 VoiceOver ikaingia ndani ya iPhone 3GS na TalkBack ikaanza kwenye Android, na kioo cha kugusa kisicho na kitufe hata kimoja kikaanza kusema.

Hapa kwetu, Irene Mbari-Kirika alianzisha shirika la inABLE mwaka 2009, ambalo limeweka maabara za kompyuta kwenye shule za wasioona, Thika ikiwa mojawapo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari, na mwaka 2022 tukapata kiwango chetu wenyewe, KS 2952, kinachoeleza jinsi bidhaa na huduma za teknolojia zinavyotakiwa kuundwa ili zitumike na wote. Nilipowauliza wenzangu kazini nani amewahi kukifungua, tulitazamana.

Nisiwalaumu. Kuna jambo jingine dogo ambalo nililigundua kwa aibu. NVDA huja na sauti za eSpeak, iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, na Kiswahili kimo. Kiswahili ni rahisi kwa mashine kwa sababu tunakitamka kama tunavyokiandika, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho isipokuwa maneno machache. Hata Chuo Kikuu cha Nairobi kulikuwa na watafiti waliojenga mfumo wa sauti ya Kiswahili na kuuchapisha mwaka 2005. Lakini kisoma skrini hakijui lugha ya ukurasa mpaka uutangaze, na ukurasa wangu, ambao kila neno lake ni la Kiswahili, juu kabisa ulikuwa umetangazwa kuwa wa Kiingereza. Niliunakili kutoka kwenye kiolezo nikasahau. Ndiyo maana mwalimu alikuwa akisomewa "tuma maombi" kwa lafudhi ya mtalii aliyeshuka Mombasa jana. Herufi mbili, "en" kuwa "sw".

Kila mwaka shirika la WebAIM hukagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana. Mwaka 2025 kurasa 94.8 kati ya kila 100 zilikuwa na kasoro zinazoweza kugunduliwa na mashine tu, bila mtu kuangalia. Picha zisizo na maelezo na vitufe visivyo na majina zimo kwenye orodha ya makosa ya kawaida, pamoja na maandishi hafifu ambayo hata mimi mwenye macho mazima siyasomi juani. Nami nikipita kwenye makala zangu za zamani humu nimekuta "bofya hapa" mara thelathini na moja. Kisoma skrini kinaweza kumpa mtu orodha ya viungo vyote vya ukurasa, sasa pata picha ya orodha hiyo: bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa. Nimeanza kuzirekebisha kutoka nyuma.

Baada ya wiki mbili nilimpigia mwalimu simu, nikamwomba ajaribu tena nami nikisikiliza. Vitufe vikajitaja kimoja kimoja, kwa Kiswahili. Akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, kile kikalenda cha kuchagua ambacho nilikipakua tayari kimetengenezwa na mtu mwingine, na hapo sauti ikaanza kusoma nambari, moja, mbili, tatu, nne, bila mwezi wala mwaka, akibonyeza nyuma inarudi Januari ya mwaka huu. "Mwalimu, umezaliwa mwaka gani?" nikauliza. "1952," akasema. "Kwa hiyo nibonyeze mara ngapi, mwanangu?"

Nimekitoa kile kikalenda. Sasa pana visanduku vitatu vya kuandika siku, mwezi na mwaka, vibaya kwa sura, na bosi ameshaniuliza mara mbili vimetoka wapi. Jumatatu tuna kikao cha kuvijadili.